Barua kwa Mwanangu: Vitafunwa vya Mayai vya Kuoka Mapema

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo, na barua yako nimeisoma yote. Umesema unaoka vitafunwa vya mayai Jumapili jioni ili upate cha kula siku za kazi, kwa kuwa unatoka nyumbani saa 11 alfajiri na huli kitu mpaka ufike ofisini saa 2. Lakini ikifika Jumanne unakuta maji yametuama chini ya kopo, na vitafunwa vyenyewe vimekuwa vigumu kama mpira. Unauliza ni nini kinachoviharibu, na kama vinaweza kufika Ijumaa.

Ugumu na maji hayo vina chanzo kimoja. Yai, kwa takriban robo tatu ya uzito wake, ni maji. Likipata moto wa kiasi, protini zake hushikana na kuyazuia maji hayo ndani, ndiyo maana yai lililoiva vizuri huwa laini. Moto ukizidi au ukikawia, protini hizo hujikaza na kuyakamua maji nje. Nyuzi 200 kwa nusu saa, ulizoniandikia, ni moto wa kuokea mkate. Shusha mpaka 170, weka trei kwenye kichanja cha chini, kwa sababu oveni hizo ndogo za mezani zina waya wa moto karibu sana na chakula na huunguza juu kabla ya katikati kuiva, kisha weka chini yake bati lenye maji ya moto ili mvuke upunguze ukali wa joto. Anza kuangalia baada ya dakika 18. Kitingishe chombo kidogo: kingo ziwe zimeshika kabisa, na katikati patikisike kidogo tu bila kuwa na yai la majimaji. Hapo toa, kwa maana joto lililobaki ndani litamalizia kazi. Vitakuwa vimefura, na vitanywea mbele ya macho yako. Usihangaike, ni mvuke unaotoka.

Sasa mboga. Nyanya, mchicha na uyoga vikitiwa vibichi hutoa maji yao ndani ya yai, na hakuna oveni itakayokuokoa. Mchicha uchemshe dakika moja, umwagie maji baridi, kisha uukamue kwa mikono miwili mpaka usidondoshe tena. Fungu zima litabaki donge la kujaa kiganja, na maji ya kijani utakayoyaona bakulini ndiyo hayo uliyokuwa ukiyakuta kwenye kopo siku ya Jumanne. Uukatekate ndipo uutie. Hoho na kitunguu vikaange kwa mafuta kidogo hadi vinyauke, uviache vipoe, kwa kuwa mboga ya moto ikikutana na yai bichi huanza kulipika bakulini. Nyanya mimi ningeiacha kabisa, lakini ukishindwa kuiacha, toa mbegu na ute wake ubaki na nyama peke yake.

Kwa trei ya matundu 12, ambayo kwenye oveni yako huenda ukaioka kwa mafungu mawili, chukua mayai 9 ya kisasa, nusu kikombe cha maziwa, gramu 150 za kuku aliyechemshwa na kuchambuliwa vipande vidogo, mboga zilizokamuliwa za kujaza kikombe kimoja, chumvi nusu kijiko cha chai na pilipili manga. Mayai ya kienyeji ni madogo, ongeza mawili. Vunja kila yai kwenye kikombe pembeni kabla ya kulitia pamoja na mengine. Piga kwa uma mpaka kiini na ute vichanganyike, basi. Ukipiga mpaka povu lijae, vitafura sana na kuanguka na mashimo ndani. Gawanya kuku na mboga kwenye matundu kwanza, ndipo umimine yai, la sivyo vyote vitazama kwenye jagi na matundu ya mwisho ndiyo yatakayopata nyama yote. Paka mafuta kila tundu hadi ukingoni, usiwe bahili hapo, maana yai hung'ang'ania bati kuliko keki. Yai moja lina protini gramu 6 hivi, na ukijumlisha kuku, kila kitafunwa kitakuwa na gramu 8 kwa makadirio. Viwili na kipande cha kiazi kitamu ni kifungua kinywa cha mtu mzima anayefanya kazi.

Umeme ukikatika kabla hujaoka, usitupe mchanganyiko. Mimina kwenye vikombe vidogo vya bati, vifunike, vipange kwenye sufuria yenye kitambaa chini na maji ya kufika nusu ya vikombe, funga mfuniko kwa kitambaa ili matone ya mvuke yasidondokee mayai, na uache maji yachemke taratibu kwenye gesi au mkaa mpaka yai lishike. Kwa maoni yangu njia hii hutoa kitu laini kuliko oveni, ingawa hakipati rangi.

Kuhusu kukaa hadi Ijumaa, jibu langu ni hapana kwa friji na ndiyo kwa friza. Vikitoka motoni vitoe kwenye bati na uvipange juu ya wavu vipoe. Ukivifunika vikiwa vya moto, mvuke hugeuka matone na kuvirudia, na hicho ni chanzo kingine cha maji yako. Lakini usiviache usiku kucha mezani. Kwa joto la Dar es Salaam, saa moja inatosha, kisha viingie kwenye baridi. Kwenye friji vikae siku 3, au 4 kwa mwisho kabisa. Kwa hiyo vya Jumatatu hadi Jumatano viweke friji, na vilivyobaki vifunge kimoja kimoja na kuvigandisha. Huko hukaa hata miezi 2. Usitie viazi mviringo katika vile vya kugandisha, huwa na chengachenga vikiyeyuka. Na luku ikiisha usiku, friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa muda wa saa 4 hivi tu, hivyo usijipe moyo asubuhi ukikuta kila kitu kimepata uvuguvugu.

Kutoka saa 11 hadi saa 2 ni muda mrefu kwa yai lililopikwa kukaa ndani ya mkoba kwenye basi lililojaa. Iwe ni vya friji au vilivyoganda, vitoe moja kwa moja kwenye baridi uvibebe kwenye mfuko wa kutunza baridi, pamoja na chupa ndogo ya maji uliyoigandisha. Utakapofika vilivyoganda vitakuwa vimelegea lakini bado vya baridi. Vipashe kwenye maikrowevu kwa nguvu ya nusu, vikiwa vimefunikwa karatasi iliyoloweshwa, dakika moja kwanza, kisha uongeze kidogo kidogo mpaka katikati pawe moto kabisa. Ukivipasha kwa nguvu yote utarudi kwenye ule ugumu ulioulalamikia.

Umeuliza pia kama dagaa wanaweza kuchukua nafasi ya kuku, kwa kuwa bei ya kuku imepanda. Wanaweza, na protini ni zaidi ya nusu ya uzito wao wakiwa wakavu. Watoe vichwa, waoshe mara kadhaa mpaka mchanga uishe, uwakaushe kwa kuwakaanga bila mafuta, kisha uwatwange kidogo tu, wasiwe unga. Gramu 60 zinatosha, na chumvi uipunguze. Ila hivyo vya dagaa uvile nyumbani siku ya mapumziko, kwa sababu ukivipasha kwenye maikrowevu ya ofisi wenzako watakuandikia barua wao.

Wasalaam,
Mama yako