Mume hapati usingizi, mkopo wa mbolea haujalipwa

Pole, dada. Umesema mahindi yamekauka, mkopo wa mbolea unadaiwa, na mumeo wiki ya 3 sasa hapati usingizi, hali chakula vizuri, na juzi kasema "bora nisingekuwepo". Hilo la mwisho ndilo la kushughulikia leo, deni baadaye.

Muulize waziwazi, mkiwa wawili: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, mara nyingi kunampa nafuu ya kusema. Viuatilifu (sumu za kuua wadudu shambani) vyote vitoke nyumbani leo hii, hata kile kilichobaki kwenye chupa ya soda (kosa la kaya nyingi, na hatari kwa watoto pia). Mpe jirani avifungie, ufunguo abaki nao yeye. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Akijibu hapana, bado aende kituo cha afya wiki hii: dalili zimepita wiki 2. Akiandikiwa dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kusaidia. Wengi huziacha mapema wakidhani hazifanyi kazi. Pombe isiwe dawa ya usingizi. Humwamsha usiku wa manane.

Deni: nendeni wawili kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, muombe ratiba mpya kwa maandishi.