Injini Iliyolowa Petroli: Maswali na Majibu

Swali: Nilisogeza gari langu la zamani la injekta (vinyunyizio vya petroli) mita chache tu, nikalizima. Sasa stata inazunguka vizuri lakini haliwaki, na nasikia harufu ya petroli. Limeharibika?

Huenda ni zima kabisa. Injini ikiwa baridi, kompyuta huongeza petroli kwa kuwa sehemu yake haigeuki mvuke. Ukiizima kabla haijapata moto, masalio hulowesha plagi na cheche ikakosa nguvu. Kanyaga pedeli ya mafuta hadi chini, ishikilie hapo hapo, kisha piga stata kwa sekunde zisizozidi 10. Katika magari mengi ya injekta, kompyuta ikiona pedeli imefika mwisho huku stata ikizunguka, husimamisha injekta, hivyo hewa peke yake hupita na kukausha silinda. Usiipige pedeli juu chini. Hayo ni mazoea ya kabureta. Injini ikishika, achia pedeli taratibu.

Swali: Nimejaribu hivyo mara nne na betri inachoka. Nifungue plagi?

Fungua, lakini kwanza ondoa fyuzi ya pampu ya mafuta na uchomoe waya wa umeme wa koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche), maana mvuke wa petroli ukikutana na cheche utawaka. Zitazame plagi kwa mpangilio wa silinda zake: zikilowa zote, chanzo ni kitu kinachohudumia silinda zote, ikilowa moja, shuku injekta ya hapo, au cheche isiyofika, kwani nimeona injekta zisizo na kasoro zikibadilishwa ilhali koili ndiyo iliyokufa. Iwapo injini ilikuwa inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, petroli imeosha oili kwenye kuta za silinda na mgandamizo wa hewa ndani yake umepotea. Tia kijiko kimoja cha chai cha oili katika kila silinda kabla ya kurudisha plagi zilizokauka. Itakapowaka itatoa moshi kwa muda mfupi.

Swali: Tatizo hurudi kila wiki, na fundi hukausha plagi tu. Kasoro iko wapi?

Kukausha plagi si matengenezo. Mimi huanza na sensa ya joto la maji inayoipa taarifa kompyuta, ambayo mara nyingi si ile ya geji ya dashibodi. Katika magari mengi ukinzani wake wa umeme huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na hushuka hadi takriban 300 kwenye nyuzi 80. Waya wake ukikatika, kompyuta hudhani kuna baridi kali na kumwaga petroli hata injini ikiwa ya moto.

Kisha chomoa mpira mwembamba wa hewa unaoingia kwenye regyuleta ya presha ya mafuta (kifaa kinachodhibiti presha ya petroli), uunuse, uukung'ute juu ya kitambaa cheupe. Tone moja la petroli linatosha kuihukumu regyuleta: kiwambo chake kimepasuka. Mpira ukiwa mkavu, funga geji ya presha. Presha ikishuka upesi baada ya kuzima, injekta inayovuja ni miongoni mwa washukiwa.

Swali: Oili imepanda kwenye kijiti cha kupimia ingawa sijaongeza. Niendelee kuliendesha?

Hapana. Ikinuka petroli, imezimuliwa nayo na haiwezi tena kulinda beringi. Rekebisha kinachovujisha kwanza, ndipo ubadilishe oili pamoja na filta yake.