"Vaquero" na "baqara" si ndugu

SWALI: Mtaalamu, nimesikia kwamba buckaroo, jina la wachunga ng'ombe wa Marekani, limetokana na vaquero la Kihispania, na kwamba vaquero nalo ni baqara la Kiarabu, yaani ng'ombe, kama ilivyo Sura ya Al-Baqara. Waarabu si walitawala Uhispania? Naomba uthibitishe. – Msomaji, Tanga.

JIBU: Hiyo ya buckaroo na vaquero ni sawa. Wahispania hutamka v kama b, na wazungumzaji wa Kiingereza wa Nevada, Oregon na California waliandika walivyosikia. Tena vaquero si mwenye mifugo. Ni mchungaji wa kuajiriwa, apandaye farasi.

Hiyo ya baqara siithibitishi, na kila mara nikiiona inasambazwa hunikera, maana kuipima hakuhitaji hata kamusi kubwa. Vaquero ni vaca, ng'ombe jike, pamoja na kiambishi -ero cha mtenda kazi, kile kile kilichomo katika zapatero, mshona viatu, kutoka zapato, kiatu. Vaca nayo ni vacca ya Kilatini. Varro, Mrumi wa karne ya 1 KK, aliandika habari za vacca katika kitabu chake cha kilimo. Waarabu walivuka kuingia Uhispania mwaka 711. Neno litaazimwaje kwa mgeni ambaye hajafika?

Halafu tazama majirani. Waitaliano wanasema vacca, Wafaransa vache, Waromania vacă, na Romania haikuwahi kutawaliwa na Waarabu. Baqara nayo ina jamaa zake: Kiebrania kina baqar, na Wabaggara wa Sudan na Chad wamepata jina lao kutokana na ng'ombe wao. Kila neno lina ukoo wake.

Maneno ya Kiarabu katika Kihispania yapo, tena mengi, na mara nyingi yamebeba al- ya Kiarabu mgongoni: azúcar ni as-sukkar (al- iliyogeuka as-), sukari yetu; alcalde, yaani meya, ni al-qadi, kadhi wetu. Hayo yana ushahidi. Kwa nini basi watu wahangaike kubuni mengine?

Ni kwa sababu sikio ni jepesi kudanganyika. Hata hapa kwetu utasikia kwamba Bakari maana yake ni mtu wa ng'ombe. Sivyo. Bakari ni Abu Bakr, na bakr, ngamia dume mchanga, huandikwa kwa herufi kaf; baqara huandikwa kwa herufi qaf. Kiswahili kimezitamka zote mbili k, basi mtu asiyeangalia maandishi ya asili anaunganisha ukoo usiokuwepo.

Wanaokizulia Kiswahili asili ya Kiarabu kwa kila neno hutumia njia hiyo hiyo ya mkato: silabi mbili zikifanana, basi, wameshamaliza utafiti. Neno ng'ombe linawashinda, kwa kuwa Wakongo wanasema ngombe, Washona mombe, Wazulu inkomo, na mfanano wa lugha hizi unajirudia katika mamia ya maneno mengine ya Kibantu. Mtu akikuletea asili ya neno, mwulize lilipita njia gani, lilionekana kwanza mwaka gani, na ndugu zake wako lugha zipi. Akibaki kukuambia "sikiliza tu yanavyofanana", usimsambazie habari yake.