Fedha za mama ziingie wapi?

SWALI: Ndugu Mshauri, mama yangu ana miaka 71, ninaishi naye Columbus, Ohio, na serikali humlipa SSI, yaani msaada wa fedha kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, kwa hundi ya karatasi. Sasa ameandikiwa barua achague akaunti ya benki au kadi. Kiingereza hakijui. Je, naweza kuzipokea kwenye akaunti yangu, kisha niwe nikimtolea mimi?

JIBU: Agizo hilo lipo. Amri ya rais ya Machi 2025 iliitaka Hazina ya Marekani iache kutoa hundi za karatasi kuanzia tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, isipokuwa kwa wachache wanaopewa msamaha.

Akaunti yako usiitumie, kwa kuwa ni lazima akaunti ioneshe kwamba mwenye fedha ni mama. Endapo hawezi kabisa kuzisimamia, omba Social Security, idara ya serikali inayosimamia SSI, ikuteue rasmi uzipokee kwa niaba yake, nawe utatakiwa kutunza hesabu ya matumizi. Lakini kutojua Kiingereza si kutojiweza, na ofisi za idara hiyo humpatia mkalimani bila malipo. Nakusihi usimwondolee mamlaka juu ya fedha zake kwa sababu ya lugha.

Mimi ningemfungulia akaunti yake mwenyewe. Zinatakiwa namba mbili: ya benki, yenye tarakimu 9, na ya akaunti yenyewe. Zinakilini polepole, mmoja akisoma na mwingine akiandika, maana tarakimu moja ikikosewa malipo yanaweza kurudishwa na mama akabaki bila kodi ya nyumba. Akiba yake isizidi dola 2,000 mwezi unapoanza, la sivyo haki ya SSI ya mwezi huo huwa mashakani.

Kadi ya Direct Express, ambayo serikali huingizia malipo moja kwa moja, inamfaa asiye na akaunti. Haina ada ya mwezi, na kila malipo yanapoingia huruhusiwa kutoa fedha mara moja bure kwenye mashine za ATM zilizo katika mtandao wa kadi hiyo. Ninachokihofia ni namba ya siri: nimeona mzee ameiandika kwa kalamu ya wino mgongoni mwa kadi ileile. Mama aikariri, wala asimtajie mtu yeyote anayepiga simu, hata akijitambulisha kuwa ni wa serikali.

SSI huingia tarehe 1. Ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, huingia siku ya kazi iliyotangulia, kwa hiyo mama akiona malipo mawili katika mwezi mmoja asiyahesabu ya pili kuwa nyongeza. Hayo ya pili ni ya mwezi unaofuata.