Kumuulizia mpangaji kabla ya kumpa chumba, ni kusengenya?

SWALI: Assalam aleikum sheikh. Mimi ni mjane niko Majengo, marehemu mume wangu ameacha nyumba ya Kiswahili, mimi na binti zangu tunakaa humo na vyumba vitatu tunakodisha. Mpangaji wa mwisho alihama usiku na kodi hakulipa. Sasa watu wananambia nisimpe mtu chumba mpaka nimpigie simu mwenye nyumba wake wa zamani, na niitishe steitimenti ya M-Pesa. Roho yangu inasita naona kama ni kusengenya na kupeleleza watu. Na je nikikataa bachela napata dhambi?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mamangu, Allah amrehemu marehemu na akulipe kwa hilo lililokupita. Kusita kwako ni kuzuri, manake wengi siku hizi hata hawajiulizi.

Kuulizia inajuzu. Dalili yake iko wazi, Fatima bint Qays radhiyallahu anha aliposwa na Muawiya na Abu Jahm akaja kutaka ushauri kwa Mtume swalallahu alayhi wasallam, na Mtume akamwambia Abu Jahm fimbo haimtoki begani na Muawiya ni fukara hana mali, akamuelekeza kwa Usama. Iko katika Sahih Muslim. Hapo wametajwa watu kwa majina na aibu zao kwa sababu muulizaji anataka kuingia nao katika jambo zito. Imam Nawawi alipohesabu sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu asipokuwepo akaingiza na ushauri wa kuoana, kushirikiana, kuweka amana, kuamiliana na hata ujirani, na wewe mamangu huyo mpangaji utaamiliana nae na atakua jirani yako ukuta kwa ukuta, choo kimoja, ua mmoja.

Lakini ruhusa hii ina mpaka wake na hapa ndipo watu wanapoharibu. Ukipiga simu muulize yanayohusu upangaji tu. Alikua analipa? Akichelewa alikua anakuja kukwambia au anazima simu? Alikua na fujo na majirani? Aliiacha nyumba vipi? Basi. Yule wa upande wa pili akianza na mke wake alimkimbia na ndugu yake yuko jela, mkatize, mwambie hayo sina haja nayo, manake kuanzia hapo ndio mmeshaingia katika ile aya ya 12 ya Surat Hujurat, msipeleleze wala msisengenyane. Na ukiambiwa baya usilibebe hivohivo, aya ya 6 ya sura hiyohiyo imetuamrisha kuhakikisha, pengine huyo mwenye nyumba aligombana nae kwa dipoziti aliyokataa kurudisha, kwa hivo muite mpangaji umpe nafasi ajieleze.

Katika hayo maswali ya simu, lile la pili la kuchelewa kodi ndilo naona lina uzito kuliko yote. Mtume ametwambia mwenye uwezo akichelewesha deni ni dhulma, na Qur'an Baqara 280 ikasema mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Wote wawili wamechelewa kodi ila hawako sawa kabisa. Kijana wa hoteli za Bamburi mvua za masika zikiingia wageni wanapungua na wengine wanasimamishwa kazi, kibarua wa bandarini nae wiki ina kazi wiki haina. Usimkatae mtu kwa sababu mshahara wake ni wa kupanda na kushuka, muulize waziwazi, msimu ukiwa mbaya kodi utaitoa wapi? Anaekujibu ukweli hata kama ni mchungu nakushauri umchukue kuliko anaekuapia wallahi mama hutopata shida na mimi.

Steitimenti ya M-Pesa mimi siipendi. Ile karatasi inaonyesha kila aliemtumia, mamake kijijini, dawa alizonunua, deni lake kwa rafiki, hio ni sitara ya mtu. Inatosha akufungulie simu yake mwenyewe akuonyeshe zile meseji za kulipa kodi kule alikotoka, uone, afunge. Kopi ya kitambulisho chukua lakini mwambie ni ya nini na uiweke kabatini, hata sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka hivo, uchukue unachohitaji tu. Na zile gurupu za WhatsApp za wenye nyumba wanaposti picha ya mtu na namba ya kitambulisho ati mwizi huyu msimpe nyumba, jitoe humo mamangu. Ushauri anapewa aliekuuliza, hautangazwi kwa watu mia mbili.

Bachela, maadamu binti zako wanatumia ua na choo hichohicho, kutafuta mwanamke au familia ni kulinda sitara yenu na huna dhambi inshallah, ila sema mapema kabla mtu hajalipa nauli ya tuktuk kuja kuona chumba. Kumkataa mtu kwa kabila lake au dini yake hilo sikuungi mkono, na katiba yenyewe kifungu cha 27 imekataza. Swahaba Abdullah bin Amr kwake kulichinjwa mbuzi akawa anauliza mmempelekea jirani yetu Myahudi?

Mkikubaliana andikeni, Baqara 282, karatasi moja na mashahidi wawili: kodi, tarehe, dipoziti na lini itarudi, manake dipoziti si mali yako ni ya mpangaji. Na ukishamkubalia mmoja asije mwengine na elfu moja zaidi ukamgeuka wa kwanza.

Jambo moja hukuliuliza. Hizo kodi ni za warithi wote, wewe fungu lako kwa vile kuna watoto ni thumuni, yaani moja ya nane, binti zako wana lao na pengine kuna warithi wengine. Kama mirathi haijagawanywa nendeni ofisi ya Kadhi mapema kabla hujamuingiza mpangaji mpya, ili ijulikane nani anasaini hio karatasi.

Wallahu aalam.