Mwanangu, kuhusu lile swali lako la Wazir Khanam

Mwanangu kipenzi,

Nimeisikiliza voisi yako mara mbili. Umemaliza The Mirror of Beauty niliyokutumia, ile riwaya ya Kiurdu ya Shamsur Rahman Faruqi aliyoitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, na unaniuliza, mama, si Wazir, yule mwanamke wa kwenye riwaya, alimpenda yule Mzungu Marston Blake na akaishi naye kwa hiari yake, sasa mbona unasema ni kitabu cha ukoloni, mi naona ni tamaduni kuchanganyika tu.

Kuchanganyika kupo mwanangu, tena kumejaa humo, ila hakukuletwa na Wazungu. Kumbuka babu wa zamani wa Wazir, yule mchoraji wa Rajasthan, anahamia Kashmir anajifunza kuchora nakshi za mazulia, na ukoo unaendelea hivohivo, kila kizazi kinaokota kitu kipya njiani. Kiurdu chenyewe ndo hivo, mifupa ya Kihindi, nyama ya Kiajemi na Kiarabu, ndo maana ukimsikia Mpakistani anaongea unadaka dunia, kitabu, rangi, habari. Hapo hakuna aliyenyang'anywa mtoto.

Sasa chukua neno bibi. Kwetu sisi bibi ana heshima yake nyumbani, lakini kule India enzi za Kampuni ya Waingereza, ile East India Company iliyokuwa ikiitawala nchi, mwanamke wa Kihindi anayekaa na Mzungu bila ndoa ndo aliitwa bibi. Marston Blake anampenda Wazir, hilo sikukatalii hata kidogo, na watoto wana majina ya pande zote mbili, Martin ndo huyohuyo Amir Mirza. Alafu Blake anauawa Jaipur, na Wazir anageuka mtu baki, watoto wanabaki kwa ndugu zake Blake walelewe Kizungu na yeye anaondoka mikono mitupu. Mi hapo nilifunga kitabu nikatoka nje nikasimama uani mpaka giza likaingia.

Na William Fraser je? Huyu alikuwepo kweli, mkubwa wa Kampuni pale Delhi, anajua Kiajemi, anavaa nguo za Kihindi, kazaa na wanawake wa kule, yaani ukitafuta Mzungu aliyechanganyika humpati zaidi ya huyo. Lakini Nawab Shamsuddin, mtawala wa Kiislamu ambaye Wazir aliishi naye baada ya Blake, alipogombania urithi wa Loharu, eneo la familia yake, na wadogo zake wa baba mmoja mama mbalimbali, Fraser akasimama na wale wadogo, na neno lake lilikuwa zito. Mwaka 1835 Fraser akapigwa risasi akafa, na mwaka huohuo Nawab akanyongwa kwa kosa la kuagiza auawe. Mtoto wake na Wazir alikuwa na miaka 4 tu, ndo huyo baadae akawa Daagh Dehlvi, mshairi mkubwa wa Kiurdu. Miaka miwili mbele, 1837, Kiajemi kikaondolewa kwenye mahakama za Kampuni, lugha aliyokuwa akiiongea Fraser mwenyewe.

Kwahiyo nikisema ukoloni sisemi kwamba Blake hakupenda. Nasema alipokufa hakuna aliyemuuliza mama wa watoto anataka nini, na asingekuwa na pa kwenda kushtaki.

Rudia kile kipande cha Jaipur polepole, usome mama anavowaaga wanawe, alafu nipigie usiku, ntakuwa macho.

Mama yako