Barazani au mezani?

SWALI: Shikamoo bibi. Nimejiwekea mwezi mzima wa kuandika riwaya, lakini kila Ijumaa wenzangu wa Ngamiani hunivuta barazani kusomeana mashairi. Narudi usiku wa manane, kalamu hainyanyuki. Niache kwenda?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache! Barazani ndiko sikio linakonolewa. Tatizo ni hesabu. Lile zoezi la kuandika riwaya kila Novemba, lililoanzia Marekani mwaka 1999 lilidai maneno 50,000 kwa siku 30, yaani kama 1,667 kila siku. Nani ana mbio hizo na kesho kuna kazi? Jipangie ukurasa mmoja, alfajiri. Daftari langu hulala jikoni kando ya birika, limejaa madoa ya chai. Ijumaa andika mchana, jioni ukawasomee hicho hicho. Wakipiga miayo, kata.